MASIKIO YANAPOLIA
(Maongezi ya mhudumu wa afya mbele ya wakazi wa kambi)



Leo tuzungumze juu ya mlio wa masikioni. Mmoja husikia kama nyenje, mwingine kama filimbi, mwingine mvumo wa injini ya boti. Aliyekaa karibu naye hasikii chochote. Ndiyo maana watu huficha: wanaogopa kuitwa wenye wazimu au wenye pepo. Ndugu zangu, mlio huu si wazimu, si pepo, wala hauambukizi.

Unatoka wapi? Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Bunduki, bomu, kelele za mashine na uzee huviharibu, na vikishaharibika havioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyoizoea, hujitengenezea ya kwake. Wengi wetu tulipita karibu na mapigano, tusishangae.

Sababu nyingine hutibika, kama nta iliyojaa au usaha. Dawa nazo huweza kuleta mlio. Kwinini, ambayo mti wake hulimwa Kivu, inajulikana kwa jambo hilo, na mara nyingi mlio huisha dawa ikiisha. Usiiache katikati. Malaria huua. Mwambie muuguzi aliyekupa.

Kwa hiyo, kwanza kapimwe. Nenda siku hiyo hiyo ikiwa umeacha kusikia ghafla au uso umelegea upande mmoja. Usikawie pia ikiwa mlio uko sikio moja tu, unadunda pamoja na moyo, au una kizunguzungu. Usichokoe sikio kwa njiti, wala usitie petroli au mafuta ya moto.

Wengine watapimwa na kuambiwa kwamba hakuna dawa ya kuuondoa mlio. Neno hilo ni gumu, lakini si mwisho wa maisha.

Wengi wenu mnakijua kisiwa cha Nkombo, katika Ziwa Kivu, upande wa Rusizi (Cyangugu ya zamani). Mgeni akifika huko, usiku wa kwanza halali. Mawimbi yanapiga, na wavuvi wa sambaza wanaimba huku wakipiga makasia. Baada ya wiki chache analala fofofo. Mawimbi hayakunyamaza. Kichwa chake kimekubali tu kwamba sauti ile si hatari.

Mlio wa sikio ni hivyo hivyo. Ukiuchunguza kila saa kuona kama umepungua, ubongo hudhani ni adui na kuzidi kuusikiliza. Ukiuacha upite, polepole ubongo huuzoea. Huchukua miezi, na siku mbaya hurudi. Kukubali si kushindwa.

Mambo ya kufanya:

1. Usilale katika kimya kabisa. Fungulia redio kwa sauti ndogo.
2. Usijitenge. Kazi na mazungumzo hupunguza mlio. Hasira na uchovu huuzidisha.
3. Kaa mbali na vipaza sauti, lakini usizibe masikio siku nzima.
4. Ninyi wa nyumbani, msimcheke mgonjwa. Mkisema naye, mtazameni usoni.

Ikiwa mlio unakurudishia vita usiku, au unawaza kujiua, usikae peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, akusindikize kituo cha afya leo hii.

Sasa ulizeni maswali.