Kichwa cha asubuhi na vidonge viwili

Msikilizaji, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza sawasawa, simama mbele ya duka lolote la mtaani hapa Dar es Salaam, liwe la Manzese, Tandika au Mbagala, utazame wanunuzi. Yupo wa mkate, yupo wa kipande cha sabuni, yupo mtoto aliyetumwa sukari robo. Na kati yao hakosekani mtu mzima aliyekunja uso, ambaye hupenyeza mkono kwenye nondo za dirisha na kusema, "Mangi, nipe mbili." Mangi haulizi mbili za nini. Anakata vidonge viwili kwa mkasi, anapokea fedha yake, na mteja anavimeza papo hapo kwa maji ya kuomba, kisha anakimbilia daladala.

Mtu huyo anaumwa kichwa. Hakikumwanza barabarani kwa jua, wala kazini kwa makelele ya mkubwa wake. Ameamka nacho. Na ukimdadisi zaidi atakwambia kwamba jana pia aliamka nacho, na juzi vilevile, na kwamba yeye ndivyo alivyo.

Watu wa aina hii ninawafahamu vizuri, kwa sababu kazi yetu ya utangazaji inao wengi. Mtangazaji wa zamu ya alfajiri hufuatwa na gari saa tisa na nusu usiku, na katika vyumba vyote vya habari nilivyopata kufanya kazi, ukivuta droo ya meza utakuta kalamu, betri zilizokwisha na karatasi ya vidonge vya maumivu iliyobaki nusu.

Jioni ya leo napenda tuulize swali ambalo Mangi haulizi. Usiku ni wakati wa mwili kupumzika. Mtu akiingia kitandani mzima na kutoka humo mgonjwa, tena siku baada ya siku, basi hapana shaka kuna jambo limefanyika hapo katikati. Ni jambo gani?

Jibu la wengi wetu tunalo tayari mfukoni: malaria. Kichwa kikigonga, malaria. Viungo vikilegea, malaria. Na kabla hata ya kupimwa mtu ameshanunua dozi. Kweli, malaria huumiza kichwa, na mwenye homa anapaswa kupimwa siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Lakini malaria haina tabia ya kuja saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa nne, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, bila homa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alinisimulia habari ya nyumbani kwake ambayo nimemwomba ruhusa ya kuieleza. Wakati wa masika mke wake na watoto watatu walikuwa wakiamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa akishona hadi usiku wa manane kibarazani kwa mwenye duka, alikuwa na nafuu kidogo. Walikunywa dawa ya malaria mara mbili. Mara ya tatu walikwenda zahanati, wakapimwa, hapakuwa na malaria. Muuguzi wa pale, mama wa makamo, hakuandika dawa nyingine. Aliuliza tu, "Mama, usiku mnapikia wapi?"

Walikuwa wakichemsha maharage. Kwa kawaida jiko la mkaa hukaa uani, lakini kwa sababu ya mvua lilikuwa likiingizwa chumbani, maharage yanainjikwa saa tatu usiku, mkaa unafunikwa majivu kidogo ili uende taratibu, mlango unafungwa kwa ajili ya wezi, dirisha linafungwa kwa ajili ya mbu na mvua, na familia inalala. Asubuhi maharage yameiva. Na kichwa nacho kimeiva.

Msikilizaji, mkaa mwekundu usiotoa moshi unadanganya. Kuni mbichi zikifuka machozi yatakutoka, utakohoa, utakimbia. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kukufukuza, lakini unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Yaani kiti cha oksijeni kinakaliwa na mgeni asiyetaka kuinuka. Ikiingia kidogo, unaamka na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiingia nyingi, huamki. Ndiyo maana kila tunapotangaza habari ya watu wa nyumba moja waliokutwa wamefariki usingizini na jiko liko pembeni, mimi husoma habari ile kwa uzito. Waliofariki kwa namna hiyo huwa hawakupata nafasi hata ya kusema kichwa kinauma.

Alama za kutilia shaka ni hizi: wanaoumwa ni wengi katika chumba kimoja, watoto wanazidiwa kuliko wakubwa, na kichwa kinapungua mtu akishatoka nje na kukaa kwenye upepo saa moja au mbili. Kufungua dirisha nusu hakutoshi. Jiko litoke nje, hata kama maharage yatalala mabichi. Jenereta nalo lisiwashwe kwenye korido wala kwenye kibaraza kilichozibwa umeme unapokatika, maana linatoa hewa ileile. Na mkifika hospitali mtajeni jiko kwa mdomo wenu, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na huyo mgeni; kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari kumbe sivyo.

Hapa sina budi kuwagusa wenye nyumba. Chumba cha kupanga chenye dirisha la ukubwa wa sinia, lililotazamana na ukuta wa jirani, hakifai kuwa jiko na kitanda kwa wakati mmoja, na mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaweza kabisa kuezeka kibanda cha kupikia uani chenye paa la kuzuia mvua. Mabati machache tu.

Basi, tuseme nyumbani kwako mnapikia nje, na bado unaamka na kichwa. Muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma. Sisemi kukoroma kwa mtu aliyechoka. Nasema kule kukoroma kwa nguvu ambako ghafla kunakatika, kimya kinaingia kwa sekunde kumi au zaidi, halafu mtu anashtuka kama aliyetolewa majini. Njia ya hewa kooni inajifunga usingizini, mwili unakosa oksijeni, mtu anaamshwa nusunusu mara nyingi usiku bila kujua. Asubuhi ana kichwa, kinywa kimekauka, na mchana anasinzia hata kwenye usukani. Watu wenye unene na shingo pana hupatwa zaidi, na pombe ya usiku huongeza. Sisi huku kukoroma ni jambo la utani. Wake hutaniana kisimani na waume hujitapa. Lakini ni jambo la kumweleza daktari.

Wapo pia wanaosaga meno usingizini. Bibi zetu walisema ni minyoo. Madaktari wa meno wana maelezo mengine: misuli ya taya imefanya kazi usiku kucha, ndiyo maana asubuhi panapouma ni kwenye panda za uso na mbele ya masikio. Juu ya pombe sitasema mengi, anayeihusika anajijua. Na usingizi wa saa nne kwa sababu unaishi Gongo la Mboto na kazi yako iko Masaki, huo nao ni sababu tosha, wala hauna kidonge chake.

Kahawa inanihusu kidogo. Mwili uliozoea kahawa au chai ya rangi nyingi kila siku hudai. Mtu akiwa amekunywa kikombe chake cha mwisho saa kumi jioni, hadi alfajiri saa nyingi zimepita, na mwili unaanza kudai kwa njia ya kichwa. Akinywa kikombe, kichwa kinatulia ndani ya saa moja, naye anasifu kahawa kuwa ni dawa. Kumbe amelipa deni tu, na jioni atakopa tena.

Sasa turudi kwa Mangi na vile vidonge viwili, maana kisa hiki cha kahawa kinatupeleka hapohapo.

Ni jambo ambalo wagonjwa wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya daktari bingwa, na wengi hawaamini: dawa ya maumivu ikitumiwa mara nyingi mno, yenyewe huleta maumivu ya kichwa. Si hadithi za kijiweni. Ni ugonjwa wenye jina na vipimo vyake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya kichwa. Mtu ambaye tayari ana asili ya kuumwa kichwa, akatumia dawa za kawaida kama parasetamoli, aspirini, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yumo hatarini. Kwa zile zilizochanganywa dawa mbili tatu katika kidonge kimoja, au zenye kodeini, kiwango ni siku 10 tu. Na zilizochanganywa aghalabu zina kafeini, ileile ya kwenye kahawa.

Wakati wake mashuhuri wa kuuma ni asubuhi. Usiku dawa imeisha mwilini, alfajiri kichwa kinaamka kudai, mtu anameza mbili, kinatulia, kesho vilevile. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini katika jambo hili tunamwagia moto mafuta ya taa.

Tusidanganywe na jina. Dawa hizi huitwa dawa baridi, na neno baridi limetulaza usingizi. Parasetamoli ikizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya kawaida kwa mtu mzima, inaweza kuua ini. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikizoeleka huchubua tumbo na kudhuru figo. Mtu anaanza na kichwa, anamaliza na vidonda vya tumbo, na hajui vimetoka wapi kwa sababu yeye "hajawahi kuumwa, ni kichwa tu".

Afanye nini aliye katika hali hiyo? Kwanza ahesabu. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya benki au ya kanisani, weka msalaba kila siku unayomeza dawa ya maumivu. Usijirekebishe, usijionee aibu, weka tu alama mwezi mzima. Pembeni andika ulilala saa ngapi na ulikunywa nini. Ukifikisha misalaba 10 au 15, nenda nayo kwa daktari, pamoja na karatasi za dawa zenyewe. Kuacha kunawezekana, na wengi waliofanikiwa kichwa kimepungua au kimekwisha, lakini ni lazima mtu ajue mapema kwamba siku za mwanzo kichwa kitazidi, pengine kwa siku 2 hadi 10, na kichefuchefu na kukosa usingizi vitamtembelea. Wengi hushindwa hapo, wakidhani ugonjwa umezidi. Anayetumia dawa zenye kodeini asiache peke yake nyumbani; aache chini ya uangalizi.

Neno juu ya presha. Tumezoea kusema kichwa kikiuma ndipo presha imepanda, na kisipouma mambo ni salama. Ukweli ni kwamba presha nyingi ya kupanda haiumi popote. Inakaa kimya miaka mingi ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Basi pima hata kama kichwa hakiumi, na kikiuma pima pia, lakini usikitumie kichwa kama mashine ya kupimia.

Na kuna vichwa ambavyo havina nafasi ya kalenda wala ya mwezi mzima. Kichwa kilichokuja ghafla kwa nguvu kama pigo la nyundo. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa kipya kinachozidi wiki hadi wiki, kinachomwamsha mtu kwa kutapika, kinachoongezeka akikohoa au akiinama. Kichwa kinachoambatana na mkono kulegea, mdomo kupinda, kuona giza au kuanguka kifafa. Mama mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yanayoona nyota, huyo asipite kwa Mangi hata kwa kusalimia; apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku na teksi iko mbali.