SAHIHI YA MZEE NA MABAKI YA HOMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makorora, Tanga)



Nimetakiwa niseme juu ya afya ya wazee, nami si mganga. Kazi yangu ni karatasi. Lakini mzee akiisha kutokwa na homa, aghalabu harudi tena kwa mganga. Huja mezani kwetu kufuata haki yake, na hapo ndipo mabaki ya homa huonekana.

Mwaka 2018 alinijia mzee mmoja wa hapa Makorora, mtumishi aliyestaafu, ambaye zamani mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alikuja kutia sahihi karatasi ya malipo yake. Aliishika kalamu kwa shida, na sahihi ikatoka imepindapinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikailinganisha na ile iliyomo jaladani, hazikufanana. Nalimwambia, "Mzee wangu, sahihi hii siyo. Nenda, urudi siku nyingine." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mkono ni ule ule, vidole ndivyo vilivyokataa." Mimi nikashika kanuni. Alirudi mara tatu kwa miguu, na malipo yake yakachelewa miezi miwili. Kosa hilo ni langu, wala silitupi juu ya mtu mwingine.

Baadaye nalipata habari yake. Mapema mwaka ule alikuwa amekwenda Mombasa kuzika ndugu yake, wakati mji ule ulipokuwa umeingiliwa na chikungunya tangu mwishoni mwa 2017. Alirudi kwa njia ya Horohoro akiwa na homa kali. Homa ilitoka siku ya sita, lakini maumivu ya vidole, ya vifundo vya mikono na ya miguu hayakutoka. Majirani walisema ni uzee. Mwenyewe alisema ni baridi yabisi. Mganga alipomwuliza habari za safari yake na kumchunguza, ndipo akamwambia kwamba ni mabaki ya chikungunya.

Jina hilo, mabwana, si la ugenini. Ni la Kimakonde, nalo lataja kile kinachokunja, maana mgonjwa hutembea ameinama. Lilitokea katika nchi ya Newala, ugonjwa ulipoenea huko mwaka 1952, na mwaka uliofuata virusi vyake vikapatikana katika damu ya mgonjwa. Lakini yamkini maradhi yenyewe ni ya zamani zaidi hapa pwani. Daktari Christie, aliyekaa Unguja, aliandika habari za kidinga popo ya mwaka 1870, na wazee wa siku zile walimwambia kwamba walikwisha kuiona mwaka 1823. Leo jina hilo twalipa dengi, lakini baadhi ya wataalamu waliosoma maandishi yake wanaona kwamba yale maumivu ya viungo yafanana zaidi na chikungunya. Siwalaumu babu zetu kwa kuchanganya. Huko Moshi, wagonjwa wa homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008 walipopimwa damu, karibu 8 katika kila 100 walikuwa na chikungunya, na wengi wa wagonjwa wale walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria.

Mwaka 2004 maradhi haya yalizuka Lamu, yakaenda Mombasa, yakavuka bahari mpaka Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako yalishika yapata theluthi ya watu wote wa kisiwa. Huko waganga waliwafuata wagonjwa kwa miezi na miaka. Wengi walipona, lakini wengine walibaki na viungo vinavyouma na kuvimba muda mrefu, na waliopita umri wa miaka 45 ndio waliozidi kubaki hivyo, hasa kama walikuwa na maradhi ya viungo tangu awali. Virusi hutoka katika damu kwa muda wa juma moja hivi, lakini uvimbe ndani ya viungo waweza kuendelea. Asubuhi huwa vigumu zaidi, kisha hulegea jua likipanda. Nasi twawaita wazee waje saa mbili asubuhi!

Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Mgonjwa hupewa ya kutuliza maumivu na kushauriwa kunyoosha viungo taratibu. Asipewe aspirini katika siku za homa mpaka ijulikane kwamba si dengi, ambayo ilituingilia hapa Tanga mwaka 2019. Mbu wa maradhi yote mawili ni mmoja, huuma mchana, huzaa katika mitungi, vifuu na mipira mibovu ya motakaa, na vitu hivyo havikosekani katika nyua zetu.

Nasikia mtu atauliza, je, tukilegeza kanuni hatutawafungulia mlango wadanganyifu? Swali hilo ni la haki. Lakini dole gumba lipo na wino upo, na dole halibadiliki kwa homa. Mzee ambaye sahihi yake imebadilika aulizwe kwanza kama aliugua, apewe kiti, atiwe dole mbele ya shahidi siku ile ile, wala asirudishwe nyumbani.

Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili la dole gumba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, tulijadili leo kabla ya chai.