Weka mukono wako mwenyewe juu ya gurudumu

 Leo sisi mafundi wa motokari tumepewa nafasi ya kusema nanyi. Hatukuja na maneno makubwa. Tumekuja kusema juu ya magurudumu mawili ya mbele na vyuma vyenye kuyashikilia.

Pengine mutu anasema, «Mimi sina motokari, jambo hilo halinihusu.» Ngoja kidogo, ndugu. Ni nani kati yetu hajapanda Hiace kwenda Likasi ao Kolwezi? Ulikaa ndani, muzigo juu ya magoti, mama mwingine amebeba mutoto pembeni yako, malori ya shaba yanapita kila upande. Saa ile uzima wako ulikuwa unashikiliwa na kipande cha chuma chenye kuenea katika kiganja cha mukono. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi wote.

Tuna mambo matatu ya kusema: kusikia, kufungua kwa utaratibu, na kusema kweli.

Jambo la kwanza ni kusikia. Katika motokari nyingi, nyuma ya kila gurudumu la mbele kuko mikono miwili ya chuma, mumoja juu na mwingine chini. Katikati ya mikono hiyo kunasimama chuma chenye kubeba gurudumu. Mahali chuma hicho kinakutana na mikono, kuko kifundo cha mviringo chenye tunaita rotuli. Kinageuka ndani ya kikombe chake kama vile mufupa wa muguu unageuka ndani ya nyonga. Mahali mikono inakutana na shasi, kuko mipira midogo yenye tunaita silenbloki. Kisha kuko resori ya kubeba uzito, na amortisere ya kuzuia motokari isirukeruke. Katika Hiace nyingi za zamani, resori ya mbele ni fimbo ndefu ya chuma yenye kujisokota.

Mara nyingi vyuma hivi havivunjiki bila kuonya. Rotuli ikianza kuisha, inagonga katika kila shimo: ko, ko, ko. Usukani unavuta upande mumoja. Mupira wa gurudumu unakwisha upande wa ndani, wakati upande wa nje ungali muzima. Shofere anasikia. Wasafiri wanasikia. Lakini mutu anazoea. Siku ya kwanza sauti inamusumbua, siku ya kumi anaongeza muziki, siku ya makumi matatu hasikii tena. Sauti haikuisha, masikio ndiyo yalichoka.

Sababu gani rotuli inaisha? Mara nyingi haiishi kwa uzee. Iko na kofia ndogo ya mupira yenye kuifunika na kulinda grisi yake. Kofia hiyo ikipasuka, wakati wa kiangazi vumbi yetu nyekundu inaingia, na wakati wa mvua maji yanaingia. Vumbi na grisi vikichanganyika vinakuwa kama dawa ya kusugulia chuma. Tangu siku hiyo, kila kilometa inakula kidogo. Kofia ni kitu cha bei ndogo, lakini ukiidharau, utalipa rotuli. Ukidharau rotuli, utalipa kitu chenye hakiuzwi katika duka lolote. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo hili haliko la motokari za Wajapani peke yake. Kule Uingereza, tangu mwaka wa 1962 mupaka 1980, watu walitengeneza motokari ndogo za mwendo zenye watu wanazipenda mupaka leo. Kiwanda cha MG katika muji wa Abingdon kilitoa MGB, na kampuni ya Triumph ya Coventry ikatoa Spitfire. Sasa ni za zamani sana. Wenye kuzipenda wanazifungua mbele, wanasafisha kila kipande, wanabadilisha kila mupira, kisha wanazirudisha barabarani. Ukiangalia chini yake, utakuta ndugu wa Hiace yetu: mikono miwili, resori, amortisere, gurudumu katikati.

Katika ile Spitfire kuko fundisho moja. Upande wa chini haina rotuli. Iko na kipande cha shaba iliyochanganywa, chenye uzi ndani, na chuma cha kusimama kinajizungusha ndani yake kama bulo ndani ya ekru kila mara shofere anapogeuza usukani. Wenye kuitengeneza waliandika kwamba mahali hapo panatiwa mafuta mazito ya majimaji, kama yale ya gia. Lakini watu wengi walitia grisi, sababu waliona vivyo hivyo katika motokari zingine. Grisi haikufika vizuri katika uzi. Maji yakaingia, chuma kikashika kutu kwa ndani, mahali jicho halifiki. Siku moja chuma kinakatika, na gurudumu linalala chini ya motokari. Mwenye motokari analia: «Lakini nilikuwa natia grisi kila mara!» Ni kweli, alitia. Alitia kitu chenye hakifai mahali hapo. Bidii ni nzuri, wandugu, lakini bidii bila kuuliza inaweza kuua.

Jambo la pili ni kufungua kwa utaratibu. Tunawaeleza kazi yenyewe, ili munapopeleka motokari garaje, mujue kitu gani munalipa.

Kwanza tunapima. Tunaweka kriki chini ya mukono wa chini, ili rotuli isibaki imekazwa na nguvu ya resori. Tunashika gurudumu juu na chini, tunalisukuma na kulivuta. Likicheza, tunaomba mwenzetu akanyage breki. Kama muchezo unaisha, ugonjwa uko katika rulema ya gurudumu. Kama unabaki, ugonjwa uko katika rotuli. Kisha tunashika kushoto na kuume. Likicheza vile, tunaangalia fimbo za usukani. Fundi mwenye kubadilisha bila kupima ni kama munganga mwenye kutoa dawa bila kuuliza mugonjwa anaumwa wapi.

Pili, tunaweka motokari juu ya viti vya chuma vyenye nguvu. Kriki peke yake haitoshi. Kriki ni ya kuinua, haiko ya kulalia chini yake. Na resori iko na hasira ndani yake. Ile ya mviringo ukiiachilia kwa gafula inaruka na nguvu za kuvunja kichwa cha mutu. Inapaswa kushushwa polepole. Ile ya fimbo, mbele ya kuilegeza tunapima urefu wa uzi wenye kuonekana katika bulo yake, tunapiga alama ya rangi, tunaandika hesabu kwenye karatasi. Ya kushoto inarudi kushoto, na ya kuume inarudi kuume.

Tatu, tunafungua upande mumoja tu kwanza. Upande wa pili unabaki muzima ili utufundishe namna ya kurudisha. Kijana mwenye kufungua pande zote mbili kwa haraka ili aonekane fundi mukubwa, magaribi utamukuta anahesabu bulo zenye zimebaki mukononi. Lakini vipande vipya tunavitia pande zote mbili, sababu miguu miwili ya mutu haipashwe kuwa na nguvu tofauti.

Nne, silenbloki. Hapa wengi wanakosea. Wanakaza bulo zake wakati motokari ingali juu na magurudumu yananing'inia. Motokari ikishuka, mupira ule unabaki umesokotwa siku zote, na nyuma ya muda kidogo unapasuka. Namna nzuri ni hii: tunazishika kidogo, tunashusha motokari isimame kwa uzito wake, kisha tunakaza kabisa. Kitu kinapaswa kufungwa katika hali yenye kitaishi ndani yake.

Tano, gupiye. Ni kipini kidogo chenye kuzuia ekru isijifungue. Ya zamani tunaitupa, tunatia mupya. Na kama tundu halionekani, hatulegezi ekru ya rotuli ili tundu lipatikane; tunakaza mupaka tundu la mbele. Mwisho tunapima usawa wa magurudumu, tunajaribu motokari polepole, na kisha ya siku chache tunamuomba shofere arudi ili tukaze tena.

Jambo la tatu, na ndilo gumu zaidi, ni kusema kweli. Kulikuwa Hiace moja yenye ililetwa kwetu. Shofere alituomba, «Mufanye kidogo tu, nirudi barabarani. Patron anangoja versema ya leo.» Tulipima. Rotuli ya chini upande wa kuume ilikuwa inacheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Ndani ya kofia tulikuta alama za nyundo: mutu mwingine alikwisha kupiga kile kikombe ili kijifunge, sauti ikakoma kwa siku chache. Wandugu, kufanya vile haiko kuponya. Ni kumufunga mugonjwa kinywa ili asilie.

Tulimupigia patron simu. Alikasirika. Alisema kwamba mafundi wote wanapenda feza, na kwamba motokari ile ilikuwa inatembea vizuri. Tulimujibu: «Hatukuombi feza leo. Tunakuomba uje tu.» Shofere alikuwa kati yetu na yeye, akiangalia chini, sababu alijua kwamba akikosa versema siku mbili, kazi inaweza kupewa mwingine. Nyumbani kwake watoto wanakula kwa kazi hiyo. Tusidanganyane, hapo ndipo uzito wote wa jambo hili uko. Haiko ujinga peke yake wenye kuua watu barabarani. Njaa ya leo pia inasukuma.

Patron alifika kesho yake. Hatukumuhubiria. Tulimuambia, «Weka mukono wako mwenyewe juu ya gurudumu, na uvute.» Alivuta. Gurudumu likamujibu: ko. Alivuta tena. Alinyamaza. Kisha aliuliza ni wasafiri wangapi walipanda siku ile ya mwisho. Shofere alimujibu. Yule baba alitoa feza ya rotuli mbili mpya, haiko za okazyo, na alimuambia shofere mbele yetu kwamba hatamudai versema ya siku ambazo motokari itasimama. Hatujui mambo ya roho yake. Tunajua kwamba mukono wake ulisikia kitu chenye masikio yake yalikataa.

Sasa tunasema na kila mumoja. Wewe musafiri, ukisikia mbele inagonga, uliza kwa heshima. Haiko matusi kumuuliza shofere juu ya uzima wako. Wewe shofere, usiongeze muziki. Andika siku yenye sauti ilianza, na uiseme. Wewe mwenye motokari, usimuweke shofere wako kati ya njaa na aksida. Siku moja ya garaje haipotezi feza, inalinda watu na feza pia. Na wewe fundi mwenzetu, usifunge kinywa cha chuma kwa nyundo. Kama mwenye motokari anakataa, mwite ashike mwenyewe.

Sisi wa Tenke tunafahamu jambo hili kuliko wengine. Hapa kwetu njia ya reli inagawanyika: moja inaenda Kolwezi na Dilolo, ingine inapanda Kamina. Treni ni nzito sana, lakini chuma kidogo chenye kusogea chini ya magurudumu ndicho kinakata maneno itaenda wapi. Ni vile pia na rotuli. Ni vile pia na neno moja la kweli lenye fundi anasema ao ananyamazia.

Juma hili, mbele ya kupanda, inama kidogo uangalie mupira wa mbele upande wa ndani. Ukiona umelika, usiende kwanza. Afazali kuchelewa na kufika. Safari njema kwenu nyote.