NGOMA ZETU ZISINYAMAZE
(Hotuba ya walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Sisi walimu tumeombwa tuseme machache juu ya kutengeneza ngoma zetu.

Hivi karibuni tuliwauliza watoto wa darasa la pili: ingoma ni nini? Mmoja akajibu bila kusita: "Ni dumu, mwalimu." Hatukumcheka. Amezaliwa hapa kambini, na madumu ndiyo anayoyaona yakipigwa.

Wazee wanajua kwamba kwetu Burundi neno ingoma ni ngoma, tena ni ufalme. Pale Gishora, karibu na Gitega, ngoma zimetunzwa tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, ngoma zikabaki. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni heshima kubwa, lakini orodha haiwambi ngozi. Hapa tuna ngoma sita. Nne zimechanika, na ya tano gogo lake limeliwa na mchwa.

Ndugu zetu, tukiri kosa. Tuliwahi kupata msaada, tukanunua fulana za sherehe. Sherehe ikapita, fulana zikachakaa, ngozi zikabaki vilevile. Daftari la matumizi hatukuandika, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametoa chochote.

Safari hii tuanze wenyewe. Hatumwombi mtu auze posho yake. Mwenye nguvu atoe siku moja ya kazi. Wachinjaji wa sokoni watusaidie ngozi. Wazee wa koo za abatimbo wawafundishe vijana kuchonga na kuwamba. Umuvugangoma, ambao wenyeji wetu huuita mringaringa, tusiukate ovyo katika misitu yao: tuombe kibali cha gogo moja, na shule itapanda miche.

Kwa mashirika tunaomba tu yale tusiyoweza kuyapata kwa mikono yetu: tezo, patasi na usafiri wa gogo. Mweka hazina asiwe mpiga ngoma. Kila stakabadhi ibandikwe kwenye ubao wa Kamati. Fedha zikiwa kidogo, tumalize ngoma moja kabla ya kugusa ya pili.

Wapo wanaouliza: kwa nini ngoma, na watoto wanakaa chini darasani? Swali hilo ni la haki. Hatutagusa hata senti ya madawati. Lakini ipo siku mtoto huyu atarudi kwao. Akifika hajui ingoma, atakuwa mgeni mara ya pili.

Haba na haba hujaza kibaba. Jumamosi asubuhi tutakuwa chini ya mti wa shule na daftari jipya. Karibuni tuwaandike.