Injini Imebadilishwa, Gari Bado Linamisi: Kosa ni la Nani?



Tumfikirie mmiliki wa Toyota IST ambaye gari lake ndilo linalolisha nyumba. Injini ya awali imekufa. Amekopa, akanunua injini iliyotumika kutoka Japani, akamlipa fundi kuifunga. Siku ya pili gari linatetemeka kwenye foleni na kukosa nguvu mlimani. Kwa lugha ya gereji, linamisi. Muuzaji anamwambia injini ni nzima, aliyeharibu ni fundi. Fundi anamwambia kazi yake ni safi, ila ameuziwa kimeo. Wakati akitumwa huku na huku, siku za dhamana zinayoyoma, na mwishowe anashauriwa anunue injini nyingine.

Asinunue kwanza. Jambo la kujua ni kama kosa limo ndani ya injini au limo katika ufungaji, kwa maana la kwanza ni la muuzaji na la pili ni la fundi. Vipimo vinavyoyatenga mambo hayo mawili havihitaji injini kufunguliwa.

Tuanze kwa kusikiliza. Injini ikinguruma sawasawa lakini bodi inatikisika, hasa gia ikiwa kwenye D na mguu ukiwa kwenye breki, wa kushukiwa kwanza ni maunti, yaani vile vishikizo vya mpira vinavyoibeba injini. Huenda za zamani zilizokatika zimerudishwa zilivyo. Lakini kama mngurumo wenyewe unakatikakatika gari likiwa sailensa, kisha unatulia unapokanyaga mafuta, tafuteni hewa inayoingia pasipostahili. Katika kazi hii mipira mingi midogo ya hewa huchomolewa. Mmoja ukisahaulika, au gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa ikikaa vibaya, hewa hupita bila kupimwa na sensa, na mafuta yanakuwa machache kuliko hewa iliyoingia. Mara nyingi husikika mluzi mwembamba karibu na mahali penyewe.

Uko pia waya wa hasi unaounganisha injini na bodi. Ni waya wa kawaida sana, na pengine kwa sababu hiyo husahauliwa, au hufungwa juu ya kutu na rangi. Ukikosa kushika vizuri, sensa hupeleka taarifa za uongo, na gari huonesha makosa mengi ambayo hayana uhusiano. Haya yote ni ya ufungaji. Fundi anapaswa kuyarekebisha, na kwa maoni yetu hana haki ya kudai malipo mapya kwa kurudishia mpira aliouacha yeye mwenyewe.

Tuwe waadilifu kwa mafundi pia: betri ikichomolewa, kompyuta ya gari huweza kupoteza kumbukumbu ya mzunguko wake wa taratibu, hivyo kuyumba kidogo katika safari ya kwanza si lazima kuwe kosa. Kuyumba kwa wiki nzima ni kosa.

Hatua inayofuata ni kupima kwa mashine. Ombeni namba za makosa ziandikwe kwenye karatasi, msikubali kusimuliwa tu. P0300 ni kumisi kusikotulia kwenye silinda moja. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. P0171 husema mchanganyiko una mafuta machache, na huturudisha kwenye ile mipira ya hewa. Namba hutaja dalili, haitaji kifaa cha kununua. Ikisomeka P0302, koili ya silinda ya pili ihamishiwe ya tatu. Kosa likihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbovu, nanyi mmeokoa gharama ya injini. Lisipohama, ikaguliwe plagi, kisha nozeli.

Hayo yakishindikana, pimeni kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, moto na mafuta vikatwe, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, na betri iwe na nguvu. Silinda zote zinapaswa kukaribiana. Tatu zikisoma 180 na moja ikasoma 95, ugonjwa umo ndani. Fundi akitia oili kidogo katika silinda hiyo na kipimo kikapanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tazameni valvu au gasketi ya silinda hedi. Hapo muuzaji hana pa kumsukumia fundi. Aitwe ashuhudie kipimo kabla ya nati yoyote kufunguliwa, kwani injini iliyokwisha kufunguliwa huwa vigumu kuithibitisha ilikuwaje.

Wakati mkisubiri, msiendelee kulitembeza gari ambalo taa yake ya injini inametameta. Mafuta yasiyoungua huingia kwenye masega ya bomba la moshi na kuyaharibu, na hasara hiyo muuzaji atasema ni yenu.

Linganisheni pia jina la injini lililogongwa kwenye bloku. IST ilitoka na 1NZ-FE ya lita 1.5 na 2NZ-FE ya lita 1.3, nazo kwa macho hufanana sana. Kuna 1NZ-FXE, ndugu yao aliyetengenezwa kwa magari ya mseto. Maneno “injini ya Japani” hayatofautishi hata moja kati ya hizi. Kumpa mtu ya lita 1.3 aliyelipia ya lita 1.5 ni kumpotosha, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na bango la “mali ikiuzwa hairudishwi” halimpi muuzaji ruhusa ya kupotosha.

Kwa hiyo risiti ya EFD iandikwe jina la injini, namba yake na siku za dhamana. Mkija kwetu, njooni na risiti hiyo, makubaliano ya fundi kwa maandishi, karatasi ya namba za makosa, vipimo vya kompresheni na picha ya namba iliyo kwenye bloku. Namba hiyohiyo ipelekwe Mamlaka ya Mapato ili kadi ya gari irekebishwe, maana kadi bado inaitaja injini iliyokufa.