Kodi ya Mapato kwa Mlezi wa Watoto Aliyejiajiri Nyumbani: Utaratibu wa Marekani

Kulea watoto wa watu wengine nyumbani ni kazi ya kwanza ambayo wanawake wengi wahamiaji huianza Marekani, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi. Mtaji wake ni mdogo, na wateja ni majirani wanaoingia zamu alfajiri. Lakini kwa sheria ya kodi, mama anayepokea watoto sebuleni kwake kwa malipo ni mfanyabiashara sawa na mwenye duka, hata kama hana bango mlangoni wala kampuni iliyosajiliwa.

Jambo la kwanza kuamuliwa ni kama mlezi amejiajiri au ameajiriwa. Kipimo ni nani anayeamua kazi ifanywe vipi. Anayekwenda kulea nyumbani kwa wazazi, kwa saa walizopanga wao na kwa masharti yao, kwa kawaida ni mwajiriwa wa nyumbani. Mzazi aliyemlipa dola 2,700 au zaidi kwa mwaka 2024 alipaswa kukata asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee), na kuongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Anayelea nyumbani kwake mwenyewe, anayepanga bei na saa zake na kupokea watoto wa familia mbalimbali, amejiajiri. Huyo hakatwi chochote anapolipwa, na mzigo wote wa hesabu ni wake.

Mapato yake ni fedha zote alizopokea kwa kazi hiyo: taslimu, hundi, au zilizotumwa kwa simu. Kulipwa taslimu hakuondoi kodi. Mzazi anayedai nafuu ya kodi kwa gharama za malezi hutakiwa kuandika jina, anwani na namba ya utambulisho ya mlezi kwenye Fomu 2441, hivyo mamlaka ya mapato, IRS, huweza kulinganisha maelezo ya pande mbili. Mlezi asiyependa kugawa namba yake ya Social Security kwa kila mzazi anaweza kuomba bure namba ya mwajiri, EIN, hata kama hajaajiri mtu.

Kodi haitozwi kwenye mapato hayo ghafi. Fomu inayoitwa Schedule C huanza na mapato, kisha huondoa gharama za kazi: vitu vya kuchezea, nepi, vitanda vya watoto, bima, ada ya leseni, mafunzo ya huduma ya kwanza. Chakula kina utaratibu wake. Mlezi anaweza kutunza risiti zote na kutenga sehemu ya wateja na sehemu ya familia yake, kazi ambayo ni ya kuchosha, au atumie viwango maalumu vya IRS kwa kila mlo. Kwa viwango hivyo, kila mtoto huhesabiwa kifungua kinywa kimoja, chakula cha mchana kimoja, cha jioni kimoja na vitafunio visivyozidi vitatu kwa siku. Kinachohitajika ni daftari la mahudhurio linaloonyesha mtoto gani alikula nini, siku gani. Watoto wa mlezi mwenyewe hawahesabiwi.

Gharama kubwa, na inayosahaulika kwa urahisi, ni ya nyumba yenyewe. Kwa biashara nyingine, chumba hukubaliwa iwapo kinatumika kwa biashara peke yake. Mlezi wa watoto amesamehewa sharti hilo: sebule inayojaa watoto mchana na familia usiku inakubalika, mradi itumike kwa kazi hiyo mara kwa mara na mlezi awe ameomba leseni ya jimbo, amepewa, au amesamehewa kisheria kuwa nayo. Aliyekataliwa leseni au kunyang'anywa hupoteza haki hiyo.

Hesabu yake ni ya eneo mara muda. Tuseme nyumba ina futi za mraba 1,200, na futi 900 hutumiwa na watoto: hiyo ni asilimia 75. Watoto hukaa saa 50 kwa wiki, na saa 5 zaidi huenda kwenye kupika na kusafisha kwa ajili yao. Kwa wiki 50 hizo ni saa 2,750, kati ya saa 8,760 za mwaka mzima, yaani asilimia 31.4. Zikizidishwa, asilimia 23.5 ya gharama za nyumba ni gharama za kazi. Ikiwa pango, umeme na maji vilifika dola 20,400, mlezi hupunguza takriban dola 4,800. Ipo njia ya mkato ya dola 5 kwa futi ya mraba, isiyozidi futi 300, lakini kwa chumba kinachotumiwa pia na familia dola hizo 5 hupunguzwa kwa kiwango cha muda. Kwa mlezi huyu zingebaki dola 471 tu. Njia hiyo huvutia kwa wepesi wake; kwa mpangaji wa aina hii ni hasara ya wazi.

Tuendelee na mlezi huyohuyo. Alipokea dola 32,000. Gharama nyingine zikawa 7,200. Baada ya kuondoa na za nyumba, faida halisi ni dola 20,000. Hapo hudaiwa kodi mbili, na ya kwanza ndiyo inayowashtua wengi. Kodi ya kujiajiri, yaani michango ya Social Security na Medicare, hudaiwa faida ikifika dola 400. Ni asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida: takriban dola 2,826. Kodi ya mapato yenyewe huja baadaye. Kwa mwaka 2024, mtu asiye na mwenzi wala mtegemezi aliondolewa dola 14,600 za msingi, nusu ya kodi ya kujiajiri, na punguzo la asilimia 20 kwa wafanyabiashara wadogo. Mlezi huyu angedaiwa takriban dola 320 tu. Mwenye watoto wake huenda akapata nafuu zaidi, lakini hata kodi ya mapato ikifika sifuri, ile ya kujiajiri hubaki.

Kodi hiyo ya kujiajiri si fedha iliyopotea. Ndiyo inayomjengea mlezi pensheni ya uzeeni, ambayo kwa kawaida huhitaji pointi 40 za mapato yaliyotangazwa, zisizozidi nne kwa mwaka. Anayeficha mapato kwa miaka kumi hufika uzeeni bila pointi hata moja ya kazi aliyoifanya kwa jasho.

Kwa kuwa hakuna anayemkata, anayetarajia kudaiwa dola 1,000 au zaidi kwa kawaida hulipa kwa awamu nne: katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Kuweka kando sehemu ya kila malipo kwenye akaunti tofauti ndiyo njia salama. Kodi ya jimbo ni suala jingine: Texas na Tennessee hazitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, Ohio na Kentucky hutoza.

Fomu ya mwaka hukabidhiwa kufikia Aprili 15. Adhabu ya kutoipeleka ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, hadi asilimia 25. Ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia tu kwa mwezi. Mlezi asiye na fedha siku hiyo apeleke fomu kwa wakati, kisha aombe IRS kulipa deni kwa awamu.