Maazimio ya Afya Yasiwe Nguvu ya Soda

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Mikese kuhusu kudumu katika mwenendo bora wa maisha



Kila ifikapo Januari, maazimio ya afya husikika katika kila kijiwe cha Mikese. Huyu ameapa kuacha soda, yule ameahidi kukimbia kila alfajiri, mwingine amesema pombe na yeye basi. Ikifika wiki ya tatu, sare na madaftari ya watoto yamemaliza fedha za nyumbani, shamba linadai kusafishwa kabla ya masika, na sehemu kubwa ya maazimio hayo imekwisha kimya kimya. Waswahili huiita hali hiyo nguvu ya soda. Hata hivyo, lawama yote isitupiwe uvivu. Mara nyingi azimio lenyewe halikuwa na mahali pa kukaa katika siku ya mtu.

Mwaka 2009, watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliojitolea kuanza tabia mpya, kila mmoja tabia moja tu: mathalani kula tunda wakati wa chakula cha mchana, au kukimbia kwa dakika chache kabla ya chakula cha jioni. Kila mshiriki aliifungamanisha tabia yake na jambo alilokuwa akilifanya kila siku. Kwa kadirio la kati, ilichukua siku 66 tabia hiyo kuwa ya kawaida, isiyohitaji kujisukuma. Wapo waliohitaji siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wengi huvunjika moyo hapo hapo: mtu akila chipsi jioni moja, huhesabu kuwa mwaka mzima umeharibika, na kesho yake hurudia yote ya zamani.

Kwa anayeanza tarehe 1 Januari, siku ya 66 ni tarehe 7 Machi. Wakati huo mvua za masika zinabisha hodi na kila jembe liko shambani. Azimio la kukimbia barabarani kila alfajiri haliwezi kuvuka msimu huo, na kwa mkulima si lazima livuke. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za shughuli za kuuchosha mwili kwa wastani. Anayelima na kupanda miinuko kwa miguu amekwisha kuzipata. Ushauri huo unawahusu zaidi wanaoketi: mwenye duka, fundi cherehani, dereva wa bodaboda ambaye hata kwenda kwa jirani huwasha pikipiki. Hao waifungamanishe safari moja ya kila siku na miguu yao. Wanaotembea kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam wakae upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayowajia, au wafuate njia za mashambani, zilizo salama zaidi na zisizo na moshi.

Kwa mkulima, azimio lenye faida kubwa zaidi liko jikoni. Chumvi inayoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo tayari katika mchuzi, dagaa na viungo vya kununua. Kuondoa kikopo cha chumvi mezani hakugharimu shilingi hata moja. Vivyo hivyo unga: dona huacha ndani yake pumba na kiini ambavyo sembe imevipoteza mashineni. Mchicha, matembele na kisamvu havihitaji kutafutwa mbali, na matunda ya Kinole na Matombo huletwa kutoka milima ile ile ya Uluguru. Inashangaza kidogo kuona mwenye mapapai akiyauza yote ili anunue soda.

Lipo azimio moja ambalo likivunjika madhara yake hayafanani na ya mengine, nalo ni la kumeza dawa za presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi hawalijui, kwa kuwa presha haina kelele. Wanaolijua huanza dawa, kipimo hushuka, nao hujiona wamepona. Wengine, kwa ari ya mwaka mpya, huanza mazoezi na kuziacha dawa siku hiyo hiyo wakiamini kuwa jasho limechukua nafasi ya vidonge. Kipimo kizuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi; hakimaanishi kuwa ugonjwa umehama. Mazoezi na chakula bora huisaidia dawa, na mwenye mamlaka ya kuipunguza ni mtaalamu wa afya baada ya kupima, tena zaidi ya mara moja. Kiharusi kikimwangusha baba au mama, shamba hubaki bila mkono, na mara nyingi mtoto wa kike ndiye huacha masomo ili amhudumie mgonjwa. Kwa hiyo kidonge nacho kifungamanishwe na jambo la kila siku, kama mswaki wa asubuhi au chai, kikiwekwa mahali pasipofikiwa na watoto. Aliyesahau jana asimeze viwili leo.

Alipokuwa Makamu wa Rais, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Vijiji vina pia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, yenye elimu ya lishe na mapishi. Siku hizo ni alama nzuri za kujitathmini kuliko kungoja Januari nyingine. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wataeleza ratiba katika kila kitongoji.

Anayekwenda kupimwa presha asinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla, na aketi akipumzika kwa dakika tano. Abebe daftari lake la matibabu pamoja na dawa zote anazotumia, na za mitishamba azitaje bila kuona haya.